Mcheza Kwao: Maisha ya Steve Tikolo na Kriketi ya Afrika ya Mashariki

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa penye ngoma, mchezaji anapotupiwa fedha na jamaa zake waliokaa kumtazama, na maana yake ni wazi: ustadi wa mtu huthaminiwa zaidi na wale wamjuao. Lakini methali hii yachukulia kwamba mchezo wenyewe una kwao, yaani kwamba wapo watu wauonao kuwa mali yao na wako tayari kuugharimia. Itakuwaje, basi, pale ambapo mchezaji ana kwao, lakini mchezo wake hauna? Hilo ndilo swali litokanalo na maisha ya Stephen Ogonji Tikolo wa Kenya, ajulikanaye zaidi kwa jina la Steve, ambaye kwa muda wa miaka kumi na mitano alihesabiwa miongoni mwa wapiga gongo hodari kabisa wa nchi zote zisizokuwa na haki ya kucheza ile kriketi kubwa ya siku tano.

Swali hilo si la Wakenya peke yao. Lahusu vilevile mji wa Dar es Salaam, ambako mchezo huo umechezwa tangu zama za Waingereza, na ambako kwa miongo mingi haukuvuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo, sembuse kufika Temeke au Kinondoni. Ili kuyafahamu maisha ya Tikolo hapana budi kuanza na jambo hilo la viwanja, kwa sababu kriketi, kuliko michezo mingi, ni mchezo wa ardhi.

Kandanda yahitaji mpira tu, na mpira waweza kuwa wa makaratasi yaliyofungwa kamba. Watoto wa Temeke wacheza chandimu katika uchochoro, mawe mawili yakiwa ndiyo goli, na dada zao wacheza rede katika ua. Kriketi haikubali umaskini huo kwa wepesi. Yataka uwanja mpana ulionyooka, katikati yake pawe na njia ya udongo ulioshindiliwa, urefu wake wa karibu mita 20, na kila upande visimikwe vijiti vitatu. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi ili aviangushe vijiti; mpigaji hukinga kwa gongo la mbao, na akiupiga mpira mbali yeye na mwenzake hukimbia kubadilishana nafasi, na kila mkimbio huhesabiwa. Mirusho sita hufanya ova moja. Mpigaji akitolewa, wiketi moja imeanguka, na zikianguka kumi timu nzima imekwisha. Mchezo huo wahitaji magongo, glavu, vikinga miguu, mtu wa kuitunza nyasi, na siku nzima isiyokuwa na kazi. Kwa hiyo mwenye kumiliki uwanja na wakati ndiye aliyeumiliki mchezo.

Katika Dar es Salaam ya ukoloni umilikaji huo ulifuata rangi. Wajerumani walipoufanya mji huo kuwa makao makuu yao mwaka 1891 waliweka sheria za ujenzi zilizoanza kuutenga mji kwa daraja za nyumba, na Waingereza waliowafuata wakauendeleza utengano huo. Palikuwa na Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini katikati, na mitaa ya Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja, ambayo iliachwa kuwa nafasi tupu baina ya Wahindi na Kariakoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulifurika watu, ndipo serikali ilipopanua mitaa ya Waafrika huko nje: Temeke upande wa kusini, Magomeni na Kinondoni upande wa kaskazini na magharibi. Viwanja vya kriketi havikuhamia huko pamoja na watu. Wazungu walikuwa na Gymkhana yao karibu na bahari, na jumuiya za Kihindi zikawa na vilabu na viwanja vyao. Uwanja wa Annadil Burhani, unaotumika hata leo, ni kumbukumbu ya zama hizo ambazo kila jumuiya ilikuwa na timu yake. Waafrika, kwa upande wao, walikuwa wameunda Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo leo ni Simba. Hivyo kila mchezo ulipata watu wake, na watu wakapata mchezo wao.

Kenya haikuwa tofauti kwa sheria. Huko nako, tangu mwaka 1933, pambano kubwa la mwaka lilikuwa baina ya Wazungu na Wahindi, na Mwafrika hakuwa na upande katika pambano hilo. Hata baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 na wa Kenya mwaka 1963 mambo hayakubadilika upesi. Nchi za eneo hili ziliungana kuunda timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki, nayo ikaalikwa katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Uingereza mwezi wa Juni 1975. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Tanzania ilitoa wachezaji wawili, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Na Waafrika weusi katika kundi zima walikuwa wawili tu, John Nagenda na Samuel Walusimbi, wote wa Uganda. Timu hiyo ilishindwa mechi zake zote tatu, na New Zealand, na India, kisha na Uingereza, na katika ile ya mwisho ilitolewa kwa mikimbio 94.

Kushindwa huko si jambo la kustaajabisha. La kuangaliwa zaidi ni kwamba mti wenyewe ulikuwa umekwisha kukatwa mizizi. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani kubwa, na wengi wa waliopoteza nyumba walikuwa Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi wa Uganda. Maelfu ya familia zilihama, na pamoja nazo wakahama wacheza kriketi, wafadhili na waamuzi. Mchezo uliokuwa umetegemea jumuiya moja ulidhoofika jumuiya hiyo ilipopungua. Yule aliyekuwa na kipaji kikubwa alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuondoka, kama alivyofanya Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, aliyeichezea Nottinghamshire ya Uingereza tangu mwaka 1966 hadi 1985.

Katika wakati huo wa mpito ndipo alipozaliwa Steve Tikolo, jijini Nairobi, tarehe 25 Juni 1971. Hakuzaliwa katika nyumba ya kitajiri wala katika jumuiya yenye klabu. Jambo lililomtofautisha na mtoto wa rika lake wa Temeke lilikuwa la kijiografia. Baadhi ya mitaa ya Waafrika ya Nairobi ilikuwa jirani kabisa na viwanja vya vilabu vya Kihindi. Watoto wa mitaa hiyo waliweza kusimama kandokando ya uwanja, kuokota mipira iliyotoka nje, kuirudisha kwa mkono wenye nguvu, na jioni, wenyewe walipokwenda kupumzika, kushika gongo. Idadi ya wazee wa Kihindi ilipopungua, vilabu vikahitaji vijana wa kujaza nafasi, na vijana hao walikuwa wamekwisha kujifunza. Mlango haukufunguliwa na sheria yoyote. Ulifunguliwa na ujirani.

Kwa sababu hiyo kriketi ya Waafrika wa Kenya ilikua kama ufundi wa ukoo, ambao kaka humrithisha mdogo wake. Tom Tikolo, kaka yake Steve, alitangulia hata akawa nahodha wa taifa. David Tikolo naye alichezea Kenya. Hali kadhalika palikuwa na Maurice na Edward Odumbe, Martin na Tony Suji, na ndugu watatu Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya. Mtu akiisoma orodha ya timu ya Kenya ya miaka ile huona kama anasoma majina ya nyumba chache za mtaa mmoja. Huo ulikuwa uhai wa timu hiyo, na kama itakavyoonekana, ulikuwa pia udhaifu wake. Klabu ya Steve ilikuwa Swamibapa, klabu ya Kihindi ya Nairobi, ambako alikomaa kuwa mpigaji wa mkono wa kulia mwenye utulivu mkubwa, tena mrushaji mzuri wa mipira ya kuzunguka. Msimu wa 1995/96 alikwenda Afrika ya Kusini kuichezea timu ya Border.

Kenya ilikuwa imejitoa katika umoja wa Afrika Mashariki na kuwa mwanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi kwa jina lake yenyewe mwaka 1981. Miaka 15 baadaye ikafika katika Kombe la Dunia la 1996, lililochezwa India, Pakistan na Sri Lanka. Tarehe 18 Februari, mjini Cuttack, Kenya ilicheza mechi yake ya kwanza, na India. Ilishindwa, lakini Tikolo alipiga mikimbio 65 mbele ya umati wa watu ambao hawakuwa wamepata kulisikia jina lake. Siku 11 baadaye, tarehe 29 Februari, Kenya ilikutana na West Indies mjini Pune. Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166 tu, na Tikolo, kwa 29 zake, ndiye aliyepiga nyingi kuliko wenzake. Kila mtu alidhani shughuli imekwisha. Lakini West Indies, mabingwa wa dunia wa miaka ya 1975 na 1979, pamoja na Brian Lara wao, walitolewa kwa 93. Maurice Odumbe na Rajab Ali walichukua wiketi tatu kila mmoja. Wana wa waokota mipira walikuwa wamewashinda wafalme. Wiki hiyohiyo iliyofuata, mjini Kandy, Sri Lanka iliwapiga Wakenya mikimbio 398, hesabu ambayo haikuwa imepata kufikiwa katika mchezo wa siku moja. Na hata siku hiyo ya msiba Tikolo alisimama peke yake akapiga 96.

Mwaka uliofuata ulileta pambano ambalo, katika historia ya kriketi ya eneo hili, lina uzito kuliko ushindi wa Pune. Mwezi wa Aprili 1997, mjini Kuala Lumpur, Kenya na Bangladesh zilikutana katika fainali ya mashindano ya nchi wanachama wadogo. Tikolo alipiga mikimbio 147, na Kenya ikamaliza na 241. Mvua ikanyesha, mchezo ukaendelea siku ya pili, na Bangladesh wakapewa shabaha mpya ya mikimbio 166 katika ova 25. Waliifikia kwa mrusho wa mwisho kabisa, wiketi zao mbili zikiwa bado hazijaanguka. Mtu amepiga 147 katika fainali, na ameshindwa kwa mpira mmoja.

Haifai kusema kwamba mpira mmoja uliamua mustakabali wa mataifa mawili. Katika miaka ileile Kenya iliifunga Bangladesh mara kwa mara, na timu zote mbili zilikwenda Kombe la Dunia la 1999. Lakini yafaa kutazama mambo yaliyofuata katika kila nchi. Huko Dhaka watu walimiminika barabarani, na kriketi ikawa fahari ya taifa zima, la mkulima na la waziri. Mwezi wa Juni 2000 Bangladesh ilipewa haki ya kucheza kriketi ya siku tano, na pamoja na haki hiyo ikapata fedha, ziara za timu kubwa na sauti katika baraza. Kenya nayo ilitaka daraja hilo, isipewe. Tofauti haikuwa katika ustadi, kwa maana mpigaji bora wa siku ile alikuwa Mkenya. Tofauti ilikuwa katika idadi ya watu walioona kwamba ushindi au msiba ule ni wao. Tikolo alicheza vizuri kuliko wote, lakini wa kumtunza walikuwa wachache.

Hata hivyo kilele kilikuwa bado mbele. Tarehe 28 Mei 1998, mjini Gwalior, Kenya iliifunga India nyumbani kwake kwa mikimbio 69, na Oktoba 2001 ikaifunga tena, mara hii mjini Port Elizabeth. Mwaka 2000 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya nchi zote kubwa, yaliyochezwa katika uwanja wa Gymkhana. Halafu likaja Kombe la Dunia la 2003, lililoandaliwa na Afrika ya Kusini pamoja na Zimbabwe na Kenya, na nahodha wa Kenya alikuwa Tikolo. Mwanzo ulikuwa mbaya, kwani Afrika ya Kusini iliwashinda bila kupoteza wiketi hata moja. Kisha wakaifunga Canada. New Zealand, kwa kuhofia usalama baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, ilikataa kwenda Nairobi, na Kenya ikapewa pointi. Wako waliosema kwamba Kenya ilibebwa na woga wa wengine. Jibu la maneno hayo lilipatikana tarehe 24 Februari, Nairobi, Sri Lanka walipokubali kuja. Kenya ilipiga 210, na Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa mwaka 1996, walitolewa kwa 157, kijana Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Bangladesh wakafuata, mjini Johannesburg, wakafungwa kwa mikimbio 32. Na Zimbabwe, mjini Bloemfontein, wakafungwa kwa wiketi saba.

Hivyo Kenya ikaingia nusu fainali, jambo ambalo hakuna nchi isiyokuwa na haki ya kriketi ya siku tano iliyopata kulifanya kabla yake. Tarehe 20 Machi 2003, mjini Durban, India ilipiga 270, Sourav Ganguly akiwa na 111 bila kutolewa. Kenya ilijibu kwa 179. Nahodha alipiga 56, na hakuna mwenzake aliyemfikia. Walishindwa, lakini kushindwa kwao kulikuwa na heshima, na kila mtu alitazamia kwamba huo ndio mwanzo.

Kumbe ulikuwa mwisho. Sababu zake ni nyingi, na zote zafaa kuhesabiwa, kwa kuwa ndizo zenye mafunzo. Kwanza, timu kubwa hazikuja. Taifa lililofika nusu fainali ya dunia lilikaa karibu mwaka mmoja na nusu, tangu Septemba 2004 hadi mwanzo wa 2006, bila mechi rasmi ya kimataifa ya siku moja. Na mchezaji asiyepata wapinzani hodari ni kama panga lisilopata kinoo. Pili, palikuwa na ugomvi wa fedha. Wachezaji walidai malipo yao na wakagoma. Chama chao kilituhumiwa kwa uendeshaji mbaya, serikali ikakivunja, na mwaka 2005 kikaundwa chama kipya. Tatu, palikuwa na aibu: mwezi wa Agosti 2004 Maurice Odumbe, shujaa wa Pune, alifungiwa miaka mitano kwa kushirikiana na wacheza kamari. Nne, na hii ndiyo sababu ya chini kabisa, hapakuwa na chipukizi wa kutosha. Zile nyumba chache zilizowazaa wachezaji wa 1996 na 2003 hazingeweza kuzaa milele. Ufundi wa ukoo ni hazina, lakini ukoo hauwezi kufanya kazi ya shule elfu moja.

Katika mporomoko huo Tikolo alibaki kama nguzo ya nyumba ambayo kuta zake zimeanguka. Mwaka 2007, katika Kombe la Dunia la visiwa vya Karibi, aliongoza tena timu, na mechi pekee iliyoshindwa na Kenya dhidi ya mpinzani, ile ya Canada, aliimaliza mwenyewe akiwa na mikimbio 72 bila kutolewa. Mwaka 2011, akiwa na umri wa karibu miaka 40, alikwenda katika Kombe la Dunia la tano, akiwa si nahodha tena. Kenya ilishindwa mechi zote sita. Ya mwisho ilichezwa Kolkata, na Zimbabwe, tarehe 20 Machi 2011. Tarehe hiyo ilikuwa miaka minane kamili tangu siku ya Durban. Wachezaji walijipanga safu mbili kumpigia makofi alipokuwa akiingia, naye akapiga mikimbio kumi tu. Aliondoka akiwa ameichezea nchi yake zaidi ya mechi 130 za siku moja, amepiga mikimbio zaidi ya 3,000 na kuchukua wiketi zaidi ya 90. Na hakupata kucheza hata mechi moja ya siku tano, kwa sababu nchi yake haikuruhusiwa. Kama dalili ya uhaba wa warithi, mwaka 2013 aliitwa arudi, akarudi, akiwa na miaka 42. Mwezi wa Januari 2014 Kenya ilipoteza haki ya kucheza mechi rasmi za siku moja, haki iliyokuwa nayo tangu zama za Pune.

Wapo wanaoyahesabu maisha haya kuwa ya huzuni. Lakini hukumu hiyo ni ya haraka, kwa kuwa yapima mavuno ya shamba moja tu. Baada ya kuweka gongo chini Tikolo alikuwa mwalimu. Aliifundisha timu ya Uganda, na baadaye ya Tanzania. Yaani ustadi uliokuwa umefungwa katika mitaa michache ya Nairobi ulitoka ukaenda kwa jirani. Hapo ndipo habari yake inaporudi Dar es Salaam.

Tanzania ilijiunga na Baraza la Kimataifa kwa jina lake mwaka 2001, miaka 20 baada ya Kenya. Haikuwa na Pune wala Durban ya kujivunia, na pengine hilo lilikuwa jambo la heri, kwani haikupata nafasi ya kujidanganya kwamba imekwisha kufika. Mitaa yake ya nje haikuwa na bahati ya ujirani waliyokuwa nayo Wanairobi. Mtoto wa Temeke alizaliwa jirani na uwanja wa kandanda. Tangu mwaka 2007 amekuwa jirani na uwanja wa watu 60,000, ambao leo waitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, lakini ni wa mpira wa miguu vilevile. Mtoto wa Kinondoni hakuweza kuokota mpira wa kriketi uliotoka nje ya uwanja, maadamu uwanja haukuwapo. Basi mahali ambapo ujirani haukuufanya mlango, ilibidi mlango utengenezwe kwa makusudi: mchezo upelekwe kwa watoto katika shule zao, badala ya kungoja watoto waufuate Gymkhana. Kazi hiyo ni ya polepole na haiandikwi magazetini, lakini matunda yake yaonekana katika orodha ya majina. Mwaka 1975 Watanzania waliokwenda Uingereza walikuwa Mehta na Sumar. Katika timu ya taifa ya miaka ya karibuni jina la nahodha Abhik Patwa limesimama pamoja na ya Ivan Selemani, Salum Jumbe, Ally Kimote na Yalinde Nkanya. Huo si ubadilishaji wa watu wa jumuiya moja kwa watu wa nyingine. Wale waliouhifadhi mchezo wakati wa upungufu na wale walioupokea wamekaa katika benchi moja, na ndiyo mara ya kwanza kwa orodha hiyo kufanana na mji wenyewe.

Viwanja navyo vimeanza kusogea. Mwezi wa Septemba 2024 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya mchujo ya Afrika ya kuelekea Kombe la Dunia la ova 20, na pamoja na Gymkhana ulitumika uwanja wa Chuo Kikuu, Mlimani, upande ule ambao wapanga mji wa kikoloni hawakuuwekea uwanja wa mchezo huo. Tanzania ilifuzu. Mwaka 2025 vijana wake wa chini ya miaka 19 walishinda mchujo wa Afrika uliochezwa Nigeria, wakapata nafasi yao ya kwanza katika Kombe la Dunia la rika hilo. Na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, mjini Harare, timu nne zilizofika nusu fainali ya Afrika zilikuwa Zimbabwe, Namibia, Kenya na Tanzania. Zote mbili za Afrika ya Mashariki zilishindwa siku hiyo. Lakini miaka 20 nyuma hakuna ambaye angethubutu kuziandika katika mstari mmoja.

Mafanikio hayo ni madogo yakilinganishwa na nusu fainali ya Durban, na yatadumu kwa masharti tu. Habari ya Kenya yafundisha kwamba timu yaweza kufika juu kwa kipaji cha nyumba chache, lakini haiwezi kukaa juu kwa kipaji hicho. Yafundisha pia kwamba ushindi usiogeuzwa kuwa viwanja, mishahara ya haki na walimu wa shule huwa kama mvua iliyonyesha juu ya mwamba. Tikolo alifanya yote yawezayo kufanywa na mtu mmoja mwenye gongo mkononi. Alipiga 96 siku ya aibu, 147 siku ya fainali, na 56 siku ya nusu fainali, na mara zote tatu upande wake ulishindwa. Hesabu hizo zaonyesha mpaka wa uwezo wa mtu mmoja kuliko zionyeshavyo upungufu wake.

Methali, basi, ni ya kweli, ila yadai kazi. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwao hapapatikani kwa kuzaliwa peke yake. Hujengwa. Hujengwa na yule aachaye kipande cha ardhi kisiuzwe viwanja vya nyumba, na mwalimu abakiye shuleni baada ya kengele, na chama kinachotoa hesabu za fedha zake, na watazamaji wanaoijua tofauti ya wiketi na ova. Siku ambayo mtoto wa Temeke atapiga mikimbio mia moja na mtaa wake ukaelewa ni kitu gani alichokifanya, siku hiyo mchezo huu utakuwa umepata kwao, na kazi ya Steve Tikolo itakuwa imepata utunzo wake.